Kuchanja Kwako na Kuchanja Kwangu

Kawangware, Jumapili

Mama,

Ukambi ulikuja, ukazunguka, ukaondoka, na hakuna mtoto hata mmoja wa ploti yetu aliyekwenda nao. Nimekuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza. Ungenikuta mlangoni na karai la nguo, hungesema hujambo, ungesema tu, "Watoto?" Watoto wako sawa, Mama. Wote. Sasa ndiyo nakusalimu.

Ni mimi, mke wa Wekesa wako. Wewe hukuniita Adhiambo hata siku moja. Ulisema jina hilo linakukwama kooni, na mimi nilijua kilichokukwama si jina. Ni kwamba mwanao fundi wa mbao alitoka Bungoma akaja Nairobi, na kati ya wasichana wote akaenda kuoa mtu wa ziwa, tena aliyekulia Kibera. Kisha Nafula akazaliwa, ukaanza kuniita Mama Nafula, na hilo halikukukwama popote.

Tumetoka kanisani. Wekesa amemchukua Nafula wakaangalie mpira, na nyumba imenyamaza. Nimekaa kwenye kitanda chako. Bado tunakiita kitanda cha Mama, ingawa Nafula ndiye anayelala hapa sasa na amekijaza makaratasi ya peremende. Mambo mengine yamebadilika. Mwenye ploti ameweka bomba ndani ya geti. Mama Shiro amepata mapacha. Wekesa amepata kibanda chenye paa, hakimbizi tena vitanda vya watu mvua ikianza. Na yule jirani wa mlango wa kona, uliyesema hawezi kunyamaza hata akiwa anakunywa maji, bado hanyamazi.

Lakini nataka kukuambia habari za ukambi, na siwezi kufika huko bila kupitia siku ile tuliyogombana.

Nafula alikuwa na miezi tisa. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na shoka, na vile vipande vya mbao alivyokuletea Wekesa. Nikakuuliza unafanya nini, ukasema, "Nachanja kuni, kwani huoni?" Na mimi, bila kufikiria, nikajibu, "Mimi nami kesho nampeleka mtoto kuchanjwa."

Ukasimama na shoka juu.

"Kuchanjwa na nani?"

"Na sista wa kliniki. Ni ya ukambi."

"Kwani mikono yangu imekatika?"

Ukaingia ndani, ukatoka na kitambaa kimefungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na wembe na kichupa cha dawa nyeusi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini akina mama wa ploti walikuwa wanakuja kwako na watoto wakati mimi niko sokoni. Ulikuwa unawachanja. Vijimistari vidogo kifuani na mgongoni, halafu unasugua dawa. Wekesa aliniambia baadaye kwamba huko nyumbani watu walitoka vijiji vya mbali kukutafuta kwa kazi hiyo.

Nilimnyakua Nafula nikapiga kelele, "Hutamkata mtoto wangu!" Na wewe ukapiga kelele kunizidi: "Wewe ndiye unampeleka kukatwa! Na wembe wa nani? Huo unaopita kwa watoto wa Nairobi yote?"

Mama, nimefikiria siku hiyo mara nyingi tangu uende. Tulikuwa tunarushiana neno moja. Kiswahili hakikuwa cha mama yako wala cha mama yangu. Wewe ulikuwa na Kibukusu chako, mimi na Kijaluo changu, na Kiswahili ndicho tulichokutania, kila mtu amebeba alichopata njiani. Kwako wewe kuchanja ilikuwa shoka na wembe. Kwangu mimi ilikuwa benchi, foleni na kadi ya kliniki. Nilizaliwa nikalikuta neno hilo likisemwa, na sikuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

Wekesa alikuja kunywa chai, akatukuta bado tunafokeana. Akaweka kikombe chini hata hajakimaliza, akasema, "Basi na mimi nachanja mbuga," akarudi kwa mbao zake. Mimi nilicheka bila kutaka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Kesho tunaenda sisi wote. Nataka kuuona huo wembe."

Na kweli ukaja. Ulivaa kile kitambaa cheupe cha kanisani na viatu vya Krismasi, tukashuka mpaka ile kliniki ya upande wa Riruta, wewe mbele kama unakwenda kutoa ushahidi kortini. Kwenye benchi ulikaa ukiusubiri huo wembe. Zamu yetu ilipofika, yule sista mrefu mwenye sauti ya kukwaruza akavuta dawa kwenye sindano, akamdunga Nafula mkononi, Nafula akalia, ikawa imekwisha.

"Na wembe uko wapi?" ukauliza.

"Wembe wa nini, mama?"

"Si mnachanja?"

"Ndiyo, nimeshamchanja."

"Hapo hujachanja. Hapo umedunga."

Benchi nzima ilicheka. Sista mwenyewe alicheka, pamba bado iko mkononi. Akasema, "Kusema ukweli nimedunga. Hilo jina nalo nililikuta tu hapa kazini."

Ndipo ulipokunja mkono wa blauzi yako mpaka begani. Ile alama ya mviringo, inayong'aa kama sarafu ya zamani. Nilikuwa nimeiona mara nyingi ukimwogesha Nafula, nikadhani uliungua utotoni. Ukasema, "Hii ndiyo kuchanjwa."

Ukasimulia pale pale, umesimama. Nilikuwa sijakusikia ukiongea muda mrefu hivyo kwa Kiswahili. Ulikuwa msichana mdogo, hujaota hata maziwa, na ndui ilikuwa inamaliza watu upande wenu. Wazungu wawili wakaja na mkalimani, wakasimama pale sokoni. Watu wakauliza, hawa wanataka nini na mikono ya watoto wetu? Mkalimani akakosa la kusema. Hakukuwa na neno. Akatazama huku na huku, akaona mistari ya chale kwenye kifua cha baba yako, ile ambayo wazee walikatwa na kupakwa dawa, akaishika kwa kidole akasema, hivyo hivyo, watachanjwa. Na watu wakaelewa. Wakachovya kichuma kwenye dawa, wakakukwaruza mkono, damu ikatoka kidogo. Ilikuwa ni kuchanja kweli.

Kama huko kwingine neno lilianza hivyo, sijui. Labda pwani walikuwa nalo zamani, labda kila mahali watu walilipata kivyao. Lakini kwenu lilianzia kifuani kwa baba yako.

Ukasema, "Nyanya yangu alijua chale ni nini. Alisema hawa wageni watakata vibaya. Akamficha mdogo wangu ndani ya ghala la mahindi mpaka wakaenda."

Ukaishia hapo. Sista akauliza polepole jina la huyo mdogo wako.

"Nanjala," ukasema. "Ndui ilimchukua kabla ya mavuno."

Wekesa hajawahi kusikia jina hilo. Nilimuuliza jioni. Mtoto wako wa kumzaa, na hakujua kama ulikuwa na mdogo.

Halafu sista akasema lile neno ambalo hata leo nikilikumbuka nasisimka. Alisema, "Mama, hiyo ndui sasa haiko tena."

"Haiko wapi?"

"Haiko popote. Dunia nzima. Iliisha. Ndiyo maana hawa wadogo hatuwachanji tena ile yako, hawana alama kama hiyo."

Ukageuka ukaanza kutazama mikono ya watoto waliokuwa kwenye benchi. Ukaenda mmoja mmoja, unainua kimkono cha shati la huyu, unashusha, unainua cha yule. Akina mama walikuacha tu. Hakuna aliyekuzuia. Ulipofika mwisho ulikuwa unalia, na ukasema kwa hasira kabisa, "Mbona hakuna mtu aliyekuja kuniambia?"

Mama, mimi siku hiyo nilikupenda. Sikukuambia. Kwenu na kwetu hatuambiani hivyo.

Kabla hatujatoka ulimuuliza sista, "Na hii ninayochanja mimi, je?" Alikujibu kwa heshima. Alisema dawa yako haijui, hawezi kusema kitu asichokijua, lakini wembe mmoja kupita kwa watoto wawili siku hizi ni hatari, afadhali uache. Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipofika karibu na mahali pa kuuza makaa ukasema, kama unaongea na barabara, "Wengine niliowachanja walipona. Wengine hawakupona. Sikuwahi kujua tofauti yao ni nini." Ukaingia ploti, ukachukua kile kitambaa cha wembe, ukaenda nacho chooni, ukarudi mikono mitupu.

Juma lililofuata Mama Shiro alikuja na mtoto wake mdogo, anataka umchanje. Nilikuwa nasikia nikiwa ndani. Ukamwambia, "Ngoja nivae viatu."

"Viatu vya nini? Si unanichanjia hapa?"

"Nachanja, lakini si hapa. Twende."

Ndivyo ilivyoendelea. Waliokuja kwako na mtoto ulivaa viatu ukaondoka nao. Sista wa Riruta akakuzoea, akakuwekea kiti chako.

Kisha ikaja ile siku ya Gatwekera, kule Kibera. Dada yangu Akinyi alikuwa ametuma salamu kwamba hatampeleka mwanawe Ochieng popote. Uvumi ulikuwa umeingia Kibera: wanaochanja watoto wanakata kizazi, mtoto akikua hatazaa. Mimi nikasema nitaenda kuongea naye. Wewe ukasema, "Tunaenda." Nikakuambia ni mbali kwa miguu, kuna matope, na watu wa kule ni Wajaluo, hawakujui. Ukanijibu, "Na wewe ulikuwa nani?"

Tulifika Gatwekera mguu na njia, Nafula mgongoni kwangu. Pale kwenye kanisa la mabati sista wawili walikuwa wamekaa na masanduku yao ya barafu na hakuna mtu. Mzee mmoja alikuwa anapita na kipaza sauti, "Chanjo! Leo ni chanjo! Leteni watoto!" Na kila akisema chanjo, mlango unafungwa. Wewe ulimtazama ukatingisha kichwa. "Anawafukuza na hilo neno," ukasema.

Akinyi alitupokea, lakini Ochieng hakumtoa mikononi. Ukaomba kiti, ukakaa nje pale mlangoni pake, ukakunja mkono wa blauzi. Ukaanza kumsimulia, kwa sauti ya kutosha. Majirani ni watu, Mama. Mmoja alitoka kumwaga maji hakurudi ndani. Mwingine akaja kuuliza saa. Wakajaa. Ndipo Mama Benta akajisukuma mbele, yule mwenye leso ya njano, mikono kiunoni.

"Wewe mama, usitudanganye. Kuchanja ni kukata. Wanakata kizazi ndani kwa ndani, mtu haoni."

Na wewe hukukasirika. Ulimuuliza, "Hii alama unaiona?"

"Naiona."

"Nilichanjwa kabla sijajua mwanaume ni kitu gani. Na huyu msichana wenu hapa, ameolewa na nani?"

Mama Benta akanitazama. "Na mtoto wako?"

"Basi ameolewa na kizazi changu. Na hicho anachobeba mgongoni, kinachokula ncha ya leso, ni nini?"

Sijawahi kusikia Gatwekera ikicheka vile. Mtu alikuwa anatafsiri kwa Kijaluo kwa waliokuwa nyuma, na kicheko kikawa kinakuja mara ya pili, kutoka nyuma. Mama Benta alijaribu kukunja uso, akashindwa, akajifunika mdomo na leso. Akasema, "Huyu mama ni mbaya." Halafu akaingia ndani kwake akatoka na watoto wake wawili, akauliza, "Hilo kanisa liko wazi?"

Akinyi alikuwa wa pili. Ilipofika mchana foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa kanisa, imepita kwa muuza mandazi, imekunja kona. Mzee wa kipaza sauti alikuja kukupa mkono. Ukamwambia, "Ukiita watu, waambie na maana yake." Jioni tulirudi Kawangware, wewe mbele tena, unaimba nyimbo za kwenu kwa sauti ya chini, na matope mpaka magotini.

Ni mwaka huo huo ulipotuacha. Ulikuwa unaosha sufuria, ukakaa chini, ukasema umechoka. Wewe hukuwahi kusema umechoka. Tulikupeleka hospitali lakini moyo wako ulikuwa umeshaamua. Tulikusafirisha nyumbani, tukakuzika karibu na mumeo, na pale kaburini watu walisema mengi mazuri, na mimi nilishindwa kusema lolote kwa sababu walikuwa wanaongea Kibukusu na nilikuwa nalia kwa Kijaluo.

Sasa sikia, Mama.

Mvua zilipoisha, ukambi uliingia. Ulianza Soweto West, huko huko Kibera, tukasikia watoto wanaugua nyumba kwa nyumba. Halafu ukavuka ukaingia Gatwekera. Nilipata habari nikashindwa kula. Nilitembea mpaka kwa Akinyi, moyo uko mkononi, na nilipokunja ile kona nilimkuta Ochieng amevua suruali anakimbiza kuku wa watu. Akinyi alikuwa anamfokea. Nilikaa chini pale pale nikacheka mpaka nikalia. Watoto wa Mama Benta, wazima. Watoto wa foleni ile, nilipita mlango kwa mlango nikiuliza, na karibu kila mlango mtoto alitoka mwenyewe kuniangalia. Walioguswa waliguswa kidogo, wakaamka. Na Mama Benta alikuwa hakai nyumbani. Alikuwa anapita kwa wale ambao hawakuja siku ile, amebeba watoto wa watu, anawapeleka, akiulizwa anasema, "Mimi ni wa yule mama wa Kawangware."

Huku kwetu ulikuja pia. Lakini kabla haujafika, kulikuwa na mpangaji mpya wa mlango wa mwisho, msichana mdogo na mtoto wake wa kwanza. Akaniambia anaogopa, na kwamba ameona kule kliniki wengine wanatiwa matone tu mdomoni na bado inaitwa chanjo. "Sasa hapo nini kimechanjwa?" Nilimkalisha kitandani hapa. Nikamwambia habari za soko la kwenu, mkalimani, kifua cha baba yako. Nikamwambia neno lilianza na wembe, likaja kwenye kile kichuma cha ndui, likaja kwenye sindano, sasa limefika kwenye matone, na kila lilipofika lilipunguza damu. Siku hizi linamaanisha tu kwamba mtoto amekingwa. Akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikasema, mama yangu.

Akamfunga mtoto mgongoni. Mimi nikavaa viatu.

Ukambi ulikaa Kawangware kwa majuma kadhaa. Kwenye ploti yetu ulipita kama mgeni aliyekosea geti. Wiki iliyopita sista wa Riruta alinisimamisha njiani, akanishika mikono yote miwili, akasema walikuwa wameogopa sana mwaka huu, na haikuwa vile walivyoogopa. Tulisimama pale katikati ya njia kama wajinga, tunacheka, mkokoteni wa maji unatupigia kelele tutoke.

Kwa hiyo, Mama, nakuaga leo nikiwa na furaha. Nilidhani barua hii itakuwa ya machozi. Nimelia mahali pawili tu, na unajua ni wapi.

Nakuahidi jambo moja. Desemba tunakuja nyumbani sote. Wekesa anasema huko bado kuna watoto wanaosubiri mtu wa wembe, na kwamba wake wa boma hawatamsikiliza mwanaume. Basi nitawaita mimi, hapo uani. Nimeanza kujifunza Kibukusu. Wekesa ananicheka, Nafula ananisahihisha, lakini maneno yanaingia. Nitasimama mbele yao niseme yote, tangu mwanzo, kwa lugha yenu, na makosa yake. Wakicheka, wacheke. Kesho yake asubuhi watanikuta barabarani kuelekea kliniki, watoto wao nyuma yangu.

Mulembe, Mama, amani kwako.

Wako,
Mama Nafula